Ngata ya Kukalia

Walisema sitamaliza chuo. Nilipomaliza wakasema sitarudi. Niliporudi na stashahada yangu ya ubunifu wa mavazi ndani ya bahasha ya kaki, wakasema Kasulu hakuna wa kuvaa hayo niliyosomea, nitauza cherehani kabla mvua hazijaisha. Cherehani ilikuwa moja, ya miguu, na ililia kama mbuzi. Leo ziko sita, mbili za umeme, na ovaloki ya kufunga kingo juu yake. Shule tatu zinavaa sare zinazotoka mlangoni kwangu. Ada ya chuo nilijilipia mwenyewe, kwa maandazi ya asubuhi na sketi za mitumba nilizozibana viuno kwa mkono. Ninaliandika hili wazi, maana nikilinyamazia mimi hakuna mwingine atakayelisema.

Kuna jambo moja tu walilolisema ambalo nusura liwe kweli. Alilisema wifi yangu siku ya harusi, sahani ya pilau ikiwa mapajani mwake, kwa sauti ya kutosha meza tatu.

"Mwenye diploma hachutami. Subirini muone."

Mgeni wa huku hataona uzito wa maneno hayo. Kwetu Buha, nchi ya Waha, salamu hairushwi njiani kama ganda la muwa. Mwanamke akimwamkia mama mkwe wake hushuka. Magoti yanakunjwa mpaka makalio yanakaribia visigino, viganja vinakutanishwa taratibu, na hapo ndipo maswali yanaanza. Mmeamkaje. Watoto je. Ng'ombe je. Mvua ya huko imefikia wapi. Maharage yametoa maua. Kila swali lina jibu lake, na jibu lina mwitikio wake, na hakuna kuinuka mpaka mkubwa akuinue. Nimeona chai ikipoa watu wakisalimiana.

Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, nayajua hayo tangu utotoni, ila miaka ya mjini ilikuwa imenikausha magoti. Nikajifunza upya kama nilivyojifunza kukata kola. Nilifunga mlango wa karakana, nikachutama mbele ya cherehani, nikaiuliza habari za ng'ombe. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa mama mkwe wangu, kijijini juu ya mlima, mwendo wa nusu saa kwa bajaji kutoka Kasulu mjini, nilishuka mbele yake nikakaa chini huko mpaka wazee wakaacha kuzungumza. "Mwakeye, mama," nikasema, na nikayapitia yote mpaka kuku. Bibi mmoja akasema wasichana waliobaki kijijini hawajui kushuka hivyo. Wifi yangu alikuwa anatazama sufuria. Nilirudi mjini nikiwa mrefu kuliko nilivyokwenda.

Basi mtaelewa kwa nini mwezi wa saba wa mimba yangu ulikuwa mgumu hivi.

Ilianza na choo kigumu. Kliniki walinipa vidonge vya kuongeza damu, vyekundu, navyo vikanifunga tumbo kama mdomo wa gunia. Baadaye nikahisi kinyama, kidogo kama punje ya hindi, mahali ambapo mtu hahisi kitu. Kikawasha. Kikavimba. Siku moja chooni nikaona damu kwenye karatasi, nikakaa nimeikodolea macho kana kwamba imeandikwa jina langu.

Bawasiri niliijua kuwa ni ugonjwa wa madereva wa malori ya Manyovu, watu wanaokaa juu ya injini siku nzima. Sikujua, mpaka niliposoma kwenye simu, kwamba mimba nayo, kwa uzito wake, inaweza kumletea mwanamke mwenye stashahada jambo lile lile. Nikafunga simu na sikumwambia mtu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na anapenda kuuliza, nilimwambia ni mgongo.

Kuanzia hapo sikutulia. Fundi wa nguo anakaa. Hiyo ndiyo kazi. Mimi nikawa sikai. Nilikalia paja la kushoto nikashona mshono mmoja, nikahamia la kulia, nikainuka, nikaenda dirishani kutazama barabara isiyo na kitu, nikarudi, nikanyanyua mkasi, nikauweka. Nikawapa mafundi wangu wawili kazi zote za cherehani, mimi nikabaki nakata vitambaa nimesimama. Miguu ikavimba. Nikilala chali inauma, nikilala ubavu mtoto anapiga teke. Nilikuwa nazunguka meza ya kukatia kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, na mafundi wakawa wanapeana macho.

"Bosi, umepoteza kitu?" mmoja akaniuliza.

"Shona," nikamwambia.

Jumapili moja mama mkwe akaja na wifi, bila kutupigia simu, wakiwa na mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Mama alikaa kwenye kochi, akaweka mikono magotini, akasubiri. Nilisimama mlangoni. Nilijua la kufanya na mwili wote ulikuwa unakataa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka chooni nikiwa nimeshika ukuta. Nikisema nishuke, nilijua nitapiga kelele mbele yao, na nikipiga kelele wataniuliza, na wakiniuliza nitaitaja sehemu ambayo haitajwi mbele ya mama mkwe.

Nikainamisha kichwa. Nikainama kidogo kiunoni, kama mtu anayesalimia ofisini.

"Shikamoo, mama."

Mama aliutazama ukuta ambapo stashahada yangu imetundikwa kwenye fremu, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema. Hakuuliza la ng'ombe. Mimi nami sikuuliza.

"Nilisema au sikusema?" wifi akamuuliza kuku. "Hata sasa ana mwanetu tumboni, bado shingo imesimama. Sijui akizaa atatuamkia kwa barua."

"Wifi, mgongo unanisumbua."

"Mgongo. Wa kwangu umelima heka mbili mwezi huu, nao unachutama."

Mume wangu akacheka ili kuliondoa jambo hilo, nalo halikuondoka. Mama aliondoka kabla ya chai. Akiwa mlangoni akamwambia mwanawe, kwa Kiha, kwamba mke wake ni msomi, atapata wasomi wenzake wa kumwogesha mtoto.

Hilo lilinipiga pale lilipolengwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa chuoni. Mtoto wa kwanza huku hulelewa na mikono miwili ya ziada. Mzazi hupikiwa uji, huchemshiwa maji, hufundishwa kumshika mtoto shingo. Mikono hiyo kwangu ilikuwa ya mama mkwe peke yake, na nilikuwa nimeiacha iende zake kwa sababu ya kiburi ambacho, kwa siku ile, sikuwa nacho hata kidogo. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilivuliwa, na kuchutama kwenyewe sikuweza.

Nikafanya walichofanya wasomi wengi kabla yangu: nikajitibu kwa akili yangu. Niliona adui ni choo, basi dawa ni kutokwenda. Choo chetu ni cha kuchutama, na kila safari ilikuwa adhabu. Nikapunguza chakula. Asubuhi chai tupu, mchana vijiko viwili vya ugali wa muhogo, maji kidogo ili nisije nikahangaika. Vidonge vya damu, kwa kuwa ndivyo vilivyonifunga tumbo, nikaviacha. Nilivipanga ndani ya kopo la vifungo, chini ya vifungo vya mashati, nikajiona mjanja. Kama kuna kijana anayesoma hapa na anafikiri cheti kinazuia ujinga, basi anione mimi.

Nilipokwenda kliniki mwezi wa nane wa mimba, nesi alinitoboa kidole, akatazama, akaondoka na kikaratasi, akarudi.

"Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Vyote?"

"Vyote."

Nesi huyu alikuwa mwanamke mnene wa makamo, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba. Aliivaa akanitazama nilivyokaa. Nilikuwa nimekalia ukingo wa benchi, paja moja hewani.

"Mbona unakaa kama kuku anayetaka kuruka?"

Nikalishusha paja, nikalipandisha tena.

"Dada, choo unapata?"

Nikaanza kulia. Sikupanga. Nilikuwa nimebishana na wauza vitambaa wa Kariakoo, nilikuwa nimewatoa wenye nyumba jasho kwa kodi, na swali la choo likaniliza mbele ya kabati la chanjo.

Alivuta pazia, akaniambia nilale ubavu wa kushoto, akanikagua haraka, kama mtu anayekagua pindo la suruali. Kisha akavua glovu.

"Hiyo ni bawasiri. Kabla ya saa nne leo umekuwa wa tatu. Mwingine alikuwa mke wa mtu mkubwa, na yeye alisema mgongo."

"Itapona?"

"Kwa wengi hupungua wakishazaa. Mpaka wakati huo tutaituliza. Hiyo siyo inayoniogopesha." Akanigeuzia kadi. "Damu yako imeshuka. Ukija kujifungua na damu hii, kisha ukatoka nyingi, sina maneno ya kukufariji. Umeviacha lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na habari za kopo la vifungo.

"Na chakula?"

Nikamwambia na hiyo.

Alitikisa kichwa pole pole. "Umesomea nini wewe?"

"Mavazi."

"Basi nisikilize mimi niliyesomea mwili." Akanihesabia kwa vidole. Vidonge virudi leo, vimezwe kwa chungwa, chai ikae mbali navyo. Maji, mengi. Maharage, mboga za majani, papai. Nisijikamue chooni wala nisikae humo nikisoma simu. Beseni la maji ya uvuguvugu, nikalie dakika kama kumi, mara tatu kwa siku. Nisikae kitako muda mrefu, nisisimame muda mrefu, nilalie ubavu. Akanipa dawa ya kupaka na nyingine ya kulainisha choo, akanionya nisinunue mafuta ya kienyeji ya mtu yeyote sokoni, na damu ikiongezeka nirudi siku hiyo hiyo. "Haya yote huwezi peke yako na cherehani zako. Nani yuko nyumbani?"

"Mume wangu anafundisha."

"Mama mkwe?"

Nikasema yuko kijijini. Nesi akaandika tarehe ya kurudi, wiki mbili tu mbele, akaikoleza kwa kalamu.

"Kamlete," akasema.

Sikurudi nyumbani. Nilijijua: nikiingia ndani nitaanza kuzunguka meza na hasira itapata sababu. Nilipanda bajaji nikaiambia iende mlimani, nikalala ubavu kwenye kiti cha nyuma. Dereva alikuwa akinitazama kwenye kioo, akiogopa nitamzalia humo. Kila shimo la barabara ile nyekundu nililihesabu kwa sehemu moja ya mwili. Nilipanga hotuba. Ilikuwa nzuri, yenye utangulizi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapukuchua maharage. Wifi alikuwa upande wa pili wa ungo. Nilisimama mbele yao na hotuba yote ikatoka kichwani.

"Mama, siwezi kushuka," nikasema. "Siku ile sikuweza, na leo siwezi. Nina bawasiri. Inauma. Nikishuka sitainuka."

Ganda la haragwe lilibaki mkononi mwake. Wifi akafumba mdomo, na hilo lilikuwa jipya.

"Nimeacha na vidonge vya damu," nikaendelea, maana nilishaanza. "Damu imeshuka. Nesi amesema nisizae hivi. Nimekuja kukuomba."

Mama aliweka ungo chini. Akamgeukia binti yake.

"Unasikia? Hiyo ndiyo ile ya mimba ya kaka yako."

"Ipi, mama?"

"Iliyonifanya nikalime nimepiga magoti. Mama mkwe wangu alisema mimi mvivu, namdanganya. Miezi mitatu sikukaa kitako ndani ya nyumba hii. Sikumwambia mtu mpaka mama mkwe huyo amekufa." Akanitazama tena, na sasa nikaona kwamba anacheka, ndani kwa ndani, mabega yakitikisika. "Na wewe na kusoma kwako kote, ukaja kunisalimia kama karani wa kata."

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu ya nini? Kichwa cha mwanangu kilipita jirani na hapo hapo."

Wifi aliangua kicheko, akajifunika uso kwa khanga. Nikacheka na mimi, na kucheka kukauma, nikashika mti wa banda.

Mama akainuka akaingia shambani nyuma ya nyumba. Alirudi na maganda makavu ya mgomba. Kila mwanamke wa huku anajua kusokota ngata, ile pete ya kubebea ndoo kichwani. Hii aliisokota pana, mara mbili ya kawaida, akaizungushia kitenge chake kikuukuu, akakikaza kwa kamba ya mgomba. Aliiweka juu ya kigoda.

"Kaa. Kwa muda mfupi."

Nilikaa. Ni mimi niliyekaa, kitako, mapaja yote mawili, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Ni ya kuazima," akasema. "Kitenge changu kitarudi."

Tuliteremka mjini pamoja jioni ile ile, yeye mbele na dereva, mimi ubavuni nyuma na ngata. Kasulu yote ikawa inaniazima. Beseni kubwa la maji lilitoka kwa jirani yangu, mke wa mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa Tanga aliyeolewa huku, ambaye hakuuliza la nini. Alilisugua kwa majivu akalileta mwenyewe, na ndani yake papai mbili. Chupa ya chai ya kutunzia maji ya moto ilitoka kwa fundi wangu, yule niliyemjibu "shona". Wifi alileta mto wa kulalia ubavu na mtungi wa kuwekea maji ya kunywa, akasema mtungi ni wa mama yake, asishukuriwe yeye.

Mama alinisimamia kuliko mkuu yeyote wa chuo. Alifukua vidonge kwenye kopo la vifungo, akavihesabu, akaniuliza kama nilitaka kuvishona kwenye shati. Maharage asubuhi, matembele mchana, mlenda jioni. Nikilalamika kwamba muhogo ndio chakula cha kikwetu, ananiambia na mlenda nao ulizaliwa huku. Beseni lilipangwa kwa saa. Kutulia bado sikutulia; maumivu yalikuwa yanakwenda na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli, na kuna siku nilitembea uani mpaka majani yakalala. Ila sasa nilitembea na mtu. Mama alikuwa nyuma yangu, mikono mgongoni, ananiuliza bei ya vifungo.

Wiki mbili baadaye nesi alinitoboa tena kidole. Akarudi akiwa na miwani puani.

"Imeanza kupanda. Umemleta?"

"Yuko nje."

Akatoka kumwangalia, wakaamkiana huko kwenye benchi kwa muda ambao foleni nzima ilinung'unika.

Nilijifungua katika hospitali ya Kabanga, siku ya mvua, mtoto wa kike mwenye sauti ya cherehani yangu ya kwanza. Damu ilinitoka na damu ilinitosha. Sitaandika zaidi ya hapo, ila niseme kwamba wakati wa kusukuma niliogopa bawasiri kuliko uchungu, na mkunga aliponiambia niache kuiwaza nikamwambia ajaribu yeye. Kinyama kile hakikutoweka kwa siku moja. Kilinywea pole pole, maji ya beseni yakiendelea, na wiki ya sita niliingia chooni nikatoka bila kushika ukuta, nikasimama mlangoni kama mtu aliyepokea matokeo.

Hapo ndipo nilipoamua kurudisha vya watu. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaanza asubuhi. Beseni lilikwenda kwa jirani wa Tanga likiwa na gauni la dera nililolishona mwenyewe, shingo ya kudarizi, na akaniambia hakuwahi kuona beseni likizaa. Chupa ya chai ilirudi kwa fundi wangu pamoja na mkasi mpya, ule wa mpini mweusi aliokuwa akiutamani. Kisha nikapanda bajaji kwenda mlimani, nimekaa kitako, mapaja yote mawili, na dereva alikuwa yule yule na hakunitazama kwenye kioo hata mara moja.

Mama alikuwa ametangulia kurudi kijijini siku tatu kabla. Wifi alikuwa uani. Nilimpa mto ndani ya foronya mpya, na mtungi uliojaa mawese.

"Nimesema mtungi ni wa mama," akasema.

"Basi mawese ni yako."

Aliupokea. Akamtazama mtoto, akamtoa mgongoni kwangu bila kuomba.

Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Nilifungua ngata. Maganda ya mgomba yalikuwa yamebanwa yakawa bapa. Kitenge nilikuwa nimekifua, nimekipiga pasi, nimekikunja mara nne, na juu yake kipya cha doti nzima. Niliviweka mbele yake. Halafu nikashuka. Nilishuka kwa tahadhari, magoti yakikunjwa kidogo kidogo, nikisubiri kitu kiniume. Hakikuuma. Nikafika chini kabisa, visigino vikanipokea, nikakutanisha viganja.

"Mwakeye, mama."

Akaitikia. Nikamuuliza alivyoamka, nikamuuliza watoto, nikamuuliza ng'ombe. Nikamuuliza mvua. Nikarudia tena tangu mwanzo, kwa ajili ya Jumapili ile, na mara ya tatu kwa ajili ya siku niliyokuja kumwomba nimesimama. Alijibu zote, moja moja, bila haraka. Nilipofika kwenye maharage mara ya tatu alikuwa ameanza kutikisika mabega.

"Yametoa maua," akasema. "Yamezaa, yamevunwa, yameliwa. Inuka sasa, mtoto anataka kunyonya."